Koti Bila Tiketi

Wewe uliyefungia nyanya gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, nitakusaidia, ila usirudie.

Mimi ni Sindano, yule wa "Soksi ya Madirisha". Ndiyo, huyo huyo. Mama yangu ni dobi. Wiki iliyopita niliwaungamia jambo ambalo hata meneja wangu alikuwa halijui: katika nyimbo zangu zote kumi na moja, hakuna mstari hata mmoja nilioutunga mimi. Yote ni maneno ya mama akinigombeza. Yeye anafoka, mimi naandika daftarini, na tarehe juu. Kisha naenda studio, nayatema juu ya biti, na nchi nzima inasema, jamani huyu binti ana kipaji!

Kipaji gani? Nina masikio na kalamu.

Ile "Unaringa kwa viatu, soksi yako ina mlango na madirisha" mnayoimba kwenye harusi, niliambiwa nikiwa darasa la sita, nimesimama kando ya beseni. Kesho yake nikamtolea msichana mmoja shuleni aliyenicheka. Darasa zima likapanda juu ya madawati. Hapo ndipo nilipojua kuwa nyumbani kwetu kuna mgodi.

Mama hakujua kitu. Redio yake inashika stesheni moja tu, ya mahubiri, kwa sababu kitufe cha kubadilishia kiling'oka nikiwa darasa la tatu. Wateja wakiimba nyimbo zangu dukani, alikuwa ananiambia, "Wewe, hawa watoto mbona wanaongea kama mimi? Kumbe nchi nzima imelelewa vibaya."

Na mimi nacheka naye. Mnafiki mkubwa.

Basi, wiki iliyopita niliishia pale nilipompelekea mama koti langu la jukwaani alifue. Sikuwaambia kilichokuwa ndani ya mfuko. Leo nawaambia.

Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi.

Sasa nielewe vizuri. Kwa dobi, nguo haigusi maji kabla mifuko haijapekuliwa. Kalamu moja iliyosahauliwa inaweza kuharibu mashati ya ukoo mzima. Kazi yangu ya kwanza hapa duniani, nikiwa na miaka sita, ilikuwa hiyo: kupekua mifuko ya watu. Nimeshatoa barua za mapenzi, nimeshatoa meno ya bandia. Kila kitu kinawekwa kwenye kopo la biskuti na namba ya tiketi ya mwenyewe, na mdomo unafungwa.

Halafu mimi, mtoto wa dobi, niliyezaliwa na kulala chini ya meza ya pasi, nikasahau kupekua mfuko wangu mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka najizaba kofi.

Karatasi yenyewe ilikuwa na maneno aliyonigombeza Jumanne. Neno kwa neno. Na juu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nilikuwa nimeandika: "Mama, Jumanne asubuhi. Tamu sana. Itafaa wimbo wa kumi na mbili."

Tamu sana! Jamani.

Ijumaa nikaingia dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

Nikadhani ananitania. Kuangalia mezani, ile karatasi imewekwa juu ya bahasha. Imepigwa pasi. Imenyooka kama noti mpya.

"Hii ilikuwa mfukoni," mama akasema. "Hakikisha kama ipo kamili."

"Mama, naomba nikueleze..."

"Koti lako litakuwa tayari Jumamosi ya wiki ijayo. Shika tiketi. Namba sitini na tatu. Bila tiketi hakuna nguo, nadhani utaratibu unaujua."

Mimi! Tiketi! Nguo za nyumbani kwetu hazijawahi kukatiwa tiketi tangu duka lianze. Hasira ikanipanda. Nikaichana ile tiketi vipande vinne mbele ya macho yake.

"Mimi ni mtoto wako, si mteja!"

Nilijua sasa atalipuka. Nilimjua mama. Kila ugomvi wake kwa miaka ishirini na minne ulianza kwa maneno yale yale, "Kwanza simama wima!", na kidole kinapanda taratibu kutoka kiunoni. Nikasimama wima nikingoja. Na, Mungu anisamehe, mkono ukaingia kwenye pochi kutafuta kalamu.

Mama akaokota vipande, akavitia kwenye ndoo ya taka.

"Karibu tena, dada," akasema.

Dada!

Ndugu msomaji, kutukanwa na mama kunauma. Kuitwa dada na mama yako kunaua.

Nilikuwa na siku nane. Jumamosi ile, saa tisa alasiri, nilikuwa na pambano na Rungu. Humjui Rungu? Yule jamaa mrefu anayeimba kama anadai haki yake mahakamani. Alikuwa ametangaza redioni kuwa Sindano haandiki, kuna mwanaume anamwandikia. Mimi nikaenda redio hiyo hiyo nikaapa, mkono juu, kuwa hakuna mwanaume anayeniandikia hata nukta. Na nilikuwa nasema kweli tupu! Ndiyo ubaya wa kweli, ukiikata vizuri inafaa kuliko uongo.

Meneja wangu, anayevaa miwani ya jua hata akiwa chooni, akaandaa pambano. Jukwaa moja, dakika mbili kila mmoja, hakuna karatasi, na hakuna mstari uliokwisha kutoka kwenye wimbo wowote. Maneno mapya tu. Shetani gani alimtuma?

"Umeandika?" akaniuliza Jumapili.

"Naandika."

"Nisomee kidogo."

"Siwezi. Nitaua ladha."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Meneja yule ukimwambia kitu asichokielewa anakiita sanaa.

Kwa hiyo wiki hiyo nilikuwa na kazi moja: kumfanya mama anigombeze. Kwa sababu ya pambano, ndiyo. Lakini niwe mkweli, maana tumekubaliana hapa ni kuungama. Kufikia Jumatatu nilikuwa nimeshasahau pambano. Nilikuwa nataka tu nisikie mama akinifokea, nijue kama bado ni wake.

Jumatatu nikaingia na viatu vyenye tope kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki.

"Pole na matope, dada," akasema, akachukua tambara.

Jumanne nikatumbukiza kitambaa chekundu kwenye beseni la nguo nyeupe. Makusudi. Mashati ya mwalimu mkuu yakatoka na rangi ya waridi. Nikasimama pale, nangoja mbingu ianguke.

Mama akainua shati moja, akalitazama kwenye mwanga.

"Itatoka," akasema.

Akavuta stuli, akakaa, akaanza kufua upya. Mama huwa hafui akiwa amekaa, anasema aliyekaa anafua mapaja yake. Nililiona lile jambo la stuli. Likanipita. Nilikuwa namtazama mdomo tu.

Jumatano nikamwambia naolewa na meneja.

Huyu ni mama aliyemfukuza mpangaji kwa kunitazama mara mbili! Nikamwambia, mama, naolewa na yule mwenye miwani, na harusi ni mwezi ujao, na sitaki wazee waje kuulizana maswali.

"Hongera," mama akasema. "Shela ukitaka kupigiwa pasi, lete mapema. Mwezi ujao kuna kazi nyingi."

Nikatoka nje nikalia nyuma ya kamba za nguo, kati ya mashuka ya hoteli. Usinicheke. Au cheka, mimi mwenyewe sasa hivi nacheka.

Alhamisi ndiyo siku iliyonimaliza. Nilikuwa bado niko mlangoni nikasikia sauti ndani. Sauti ya mama. Inapanda!

"Kwanza simama wima! Mtu mzima ovyo! Kola inang'aa, shingo ina matope! Unataka nikufulie shati, na hiyo shingo nani atakufulia?"

Nilitaka kupiga vigelegele. Mgodi umefunguka! Nikachomoa kalamu, sikuwa na karatasi, nikaandika kwenye kiganja: kola inang'aa, shingo ina matope. Kisha nikakimbia ndani.

Mama anakunja mashuka. Mlango wa nyuma unafungwa, na nikawahi kuona mgongo wa mwanaume, kofia ameivuta mpaka masikioni, anapangusa macho kwa kicheko.

"Mama, nani yule?"

"Mteja."

"Unamgombeza mteja?"

"Aliomba," mama akasema. "Nikusaidie nini, dada?"

Niseme ukweli? Niliona wivu. Nimeibiwa wapenzi wawili maishani mwangu, nimewasimulia sehemu ya tatu na ya nne, sikuona wivu kama ule. Mtu baki anagombezwa na mama yangu, anatoka anacheka, na mimi naambiwa nikusaidie nini!

Jumamosi ikafika. Nilikuwa na mstari mmoja, umeandikwa kiganjani kwa wino ambao nilikuwa naogopa hata kunawa. Na sikuwa na koti. Mashabiki hawajawahi kuniona bila koti lile. Saa sita mchana nikaenda dukani.

"Nimefuata koti."

"Tiketi?"

"Mama, leo ndiyo siku yangu. Tafadhali."

"Bila tiketi hakuna nguo."

"Ulinipa mwenyewe! Uliona nikiichana!"

"Niliona," mama akasema, akamgeukia mteja mwingine. "Karibu mzee, suruali zako hizi hapa."

Nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka, nikaingia wa nyuma. Koti lilikuwa limening'inia kwenye waya, limefuliwa vizuri ajabu. Nikalitoa kwenye hanga, nikalikunja kwapani, nikakimbia. Sindano, malkia wa vina, mwizi wa nguo za kufuliwa!

Nililivaa nyuma ya jukwaa. Kitu kikanichoma shingoni. Nikageuza kola.

Uzi mwekundu.

Kila mteja wa mama ana uzi wake, unashonwa ndani ya kola ili nguo zisichanganyike. Mwalimu mkuu ana wa bluu. Hoteli ina wa njano. Sisi wa nyumbani hatuna uzi, kwa sababu mama anasema nguo ya mwanawe anaijua kwa harufu. Sasa mimi nilikuwa nimeshonewa wangu, mwekundu, mishono mitatu, na fundo zuri limekazwa mwishoni.

"Uko tayari?" meneja akauliza.

"Niko tayari," nikasema. Ningesema nini?

Ukumbi ulikuwa umejaa. Majaji watatu, mtunza muda mmoja mwenye kengele, na mtangazaji anayepiga kelele utadhani watu wote ni viziwi. Sarafu ikarushwa. Rungu akashinda, akachagua kuanza.

Akashika maiki. Akanitazama. Akatabasamu.

"Kola inang'aa," akaanza, "shingo ina matope..."

Ukumbi ukalipuka. Mimi nikafungua kiganja changu. Nikakifunga.

Ule mgongo! Ile kofia!

Biti ikaingia, na Rungu akaenda hivi. Siwezi kuyasahau hata nikitaka:

"Nimemzaa, nimemfua, nimemwanika, nimempiga pasi,
leo anapita dukani kwangu na miwani, ana wasiwasi.
Ana mdomo wangu, ana sauti yangu, ana hata kikohozi,
aliyoyakosa ni masikio, na tone dogo la machozi.
Aliniandika kila siku, neno kwa neno, tarehe juu,
hakuna siku aliyoandika: leo mama anaumwa mguu."

Vina alitia yeye. Hilo nampa, mimi sikuwahi hata kutia vina. Lakini kitambaa kile nilikijua. Kilitoka dukani kwetu.

Mguu?

Nikatazama ukumbini. Safu ya tatu, kwenye njia, mama yangu. Amevaa gauni lake la ibada. Mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, umefungwa bendeji kutoka kifundoni mpaka chini ya goti. Stuli ile! Miaka ishirini na minne amesimama kwenye meza ya pasi, mguu umevimba, amekaa kwenye stuli mbele ya macho yangu, na mimi nimeangalia mdomo. Nikajichukia pale pale, mbele ya watu elfu moja.

Kengele ikalia. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti.

"Sindanooo!" mtangazaji akanguruma. "Dakika mbili!"

Biti ikaanza. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Biti ikazunguka mara ya kwanza, ikazunguka mara ya pili. Mtu nyuma akapiga mluzi. Meneja alikuwa pembeni ananionyesha vidole, sijui alikuwa anahesabu nini.

"Zima biti," nikasema.

Ikazimwa.

"Rungu alisema redioni kuna mwanaume ananiandikia. Ni muongo. Hakuna mwanaume." Watu wakashangilia. Nikainua mkono. "Ni mwanamke. Yuko safu ya tatu. 'Soksi ya Madirisha' ni yake. Zote kumi na moja ni zake. Na haya mliyoyasikia sasa hivi ni yake pia."

Wee! Nusu ya ukumbi ikazomea, nusu ikacheka. Meneja akavua miwani. Miaka minne nafanya naye kazi, ndiyo siku ya kwanza kumwona macho. Ni madogo.

Rungu akarukia maiki. "Si nilisema! Si nilisema anaandikiwa!"

"Na wewe je?" mtu akapiga kelele, na ukumbi ukaangua kicheko tena.

Wakati huo mama alikuwa ameshainuka. Anakuja. Hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Nilitaka kushuka nimshike. Aliyeshuka kumpa mkono kwenye ngazi za jukwaa ni Rungu. Niliuona mkono ule ukimshika mama kiwiko taratibu, na niliumia kuliko nilivyoumia kwa ule wimbo.

Akasimama mbele yetu wawili. Akatoa kiganja.

"Tiketi," akasema.

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni maigizo. Mimi sikucheka.

Rungu akapapasa mfukoni, akatoa yake. Namba themanini na mbili, haina hata kunyanzi. Mama akaikagua pande zote mbili, akamrudishia.

"Huyu aliomba," akauambia ukumbi mzima. "Alikuja dukani akasema, mama, mimi nimeishiwa maneno, wewe unasifika mtaa mzima, nigombeze. Nikamgombeza siku mbili. Akaniuliza na mwanangu ananiudhi nini, nikamwambia. Akaniuliza mguu una nini, nikamwambia."

Akanigeukia. Kiganja chake kilikuwa mbele yangu, vidole vimekunjamana kwa maji na magadi.

"Yako?"

Nilikuwa nimevaa koti nililoiba mchana, mdomo umejaa maneno niliyoiba miaka kumi na miwili. Uzi ulikuwa unanichoma shingo.

"Nilichana, mama."

"Najua ulichana. Nimeuliza iko wapi."

"Sina."

"Kwa hiyo?"

Unajua madaftari yangu manne ya mistari, nimeyaficha chini ya godoro kama dhahabu? Ndani yake hakukuwa na jibu la swali lile.

"Kwa hiyo naomba," nikasema. "Naomba, mama. Na huo mguu... unauma tangu lini?"

Hayo ndiyo maneno pekee niliyotunga mwenyewe mwaka mzima. Hayana vina.

Mtunza muda, mpumbavu yule, akagonga kengele. Mama akamtazama tu. Jamaa akaichukua kengele yake akaiweka chini ya meza.

Kisha mama akaitoa maiki mkononi mwangu. Akaipuliza, akaruka kidogo aliposikia pumzi yake kwenye spika zote. Akanitazama kuanzia viatu, akapanda, akafika kwenye kola. Nikaona kidole chake kinaanza kupanda kutoka kiunoni, taratibu, kile kile cha siku zote, na moyo wangu ukapanda nacho.

"Kwanza," akasema.

Nikasimama wima kabla hajamaliza.

Lakini safari hii hakusema simama wima.

"Kwanza vua koti la watu," mama akasema.

Nikashika kifungo cha kwanza.